Mayu, Ile Gemu Niliisema Ilivyo

Mayu, mama yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa Bariadi, katika chumba kile ulichokaa ulipovunjika mguu. Kitanda chako nimekisogeza ukutani ili nipate nafasi ya meza ya kurekodia. Najua hutakasirika. Ungekuwapo ungeniuliza kwa nini nimechelewa hivyo kukisogeza.

Barua hii naiacha wazi ili na wengine waisome, maana wapo wengi waliokujua kwa sauti tu. Hawakukuona shambani Sapiwi ukipalilia pamba, wala siku ile ndama alipokuvuta na kamba hadi ukaangukia mguu, ukaletwa kwangu mjini uwe karibu na hospitali. Walikufahamu baada ya hapo. Ila hawajui jinsi ilivyoanza.

Siku ya kwanza ulinikuta nimeiegemeza simu kwenye kopo la sukari, naongea mbele yake. Ukanitazama mpaka nikamaliza.

"Unaongea na nani, ng'wanone, mwanangu?"

"Na watu, mayu."

"Wako wapi?"

"Wengine Mwanza, wengine Kahama, wengine Dar. Nacheza gemu kabla yao, halafu nawaambia kama ni nzuri au mbaya, wasije wakamaliza bando kupakua kitu cha hovyo."

Ukatafuna michembe yako, vile viazi vikavu, taratibu huku unalifikiria hilo. "Kumbe wewe ndiye unayeonja mboga kabla ya wageni," ukasema. "Basi usiwadanganye wageni."

Mayu, nimesoma maoni mengi kuhusu kazi hii, ya wanaoipenda na ya wanaoidharau. Hakuna aliyeieleza vizuri kuliko wewe, mtu uliyekuwa hujawahi kushika simu janja.

Kwa vile mguu haukukuruhusu kutoka, ukawa unatazama pamoja nami wachambuzi wengine. Kulikuwa na kijana mmoja wa mjini mwenye wafuasi wengi, ambaye kwake kila gemu ilikuwa bora kuliko ile ya jana. Ulimwangalia kidogo ukasema, "Huyu anasifu huku anapiga miayo." Nikarudisha video nyuma. Kweli, alikuwa ameuficha mwayo nyuma ya kiganja, katikati ya sifa. Tulicheka mpaka ukaushika mguu kwa maumivu.

Halafu ukaanza kucheza mwenyewe. Nilikupa gemu ya kuendesha malori. Wenzako wote wanakimbiza, wewe ulikuwa unasimama kando ya barabara uangalie milima. Ukatoa hukumu yako: "Gari ni zuri, lakini njia nzima hakuna mtu. Nchi gani haina watu barabarani?" Maneno hayo yaliingia kwenye rekodi kwa bahati tu, nami nikayaacha. Tangu hapo kila nilipoweka video, swali la kwanza chini yake lilikuwa, mayu amesemaje?

Wapo walionikejeli kabla hujaja, walioandika kwamba dada arudi kwenye mapishi. Ulinitaka nikusomee, nikakusomea. Hukupandisha sauti. "Waambie mapishi nilikufundisha mimi, na gemu umenifundisha wewe. Hakuna kilichopotea." Niliyasoma hivyo hivyo, na wale vijana wakaanza kukuamkia. Wengine walijifunza "mwangaluka mayu" kwa ajili yako tu, hata wasio Wasukuma.

Hatukukubaliana kila mara. Gemu ya vita niliyoipenda sana, wewe ulisema ni kelele za watu wasio na kazi. Nikaweka sifa zangu, nawe ukaweka neno lako, tukala ugali. Ndivyo nilivyojua kwamba mtu anaweza kuikataa gemu yako bila kukukataa wewe.

Mguu ulipopona ulirudi Sapiwi, hukutaka kusikia habari ya kubaki. Presha ikakuchukua wakati wa palizi. Siku ya mazishi nilimwona Luhende, kijana anayeongoza kundi letu la wachezaji wa Kanda ya Ziwa, akishuka kwenye pikipiki na wenzake. Hawakuwahi kukuona uso kwa uso. Walivua mashati wakashika majembe, wakachimba kaburi lako pamoja na baba wadogo. Nakwambia hili ili ujue ni watu gani niliokuja kukosana nao.

Ilikuwa hivi. Vijana wa Mwanza walitengeneza gemu yao wenyewe, juu ya mwanamke wa Kisukuma anayeswaga ng'ombe wakati wa kiangazi akitafuta maji. Hatukuwa tumewahi kucheza gemu inayotufanana namna ile. Kundi zima lilishangilia. Luhende akanipigia, "Dada Nkamba, hii tuibebe. Ni ya kwetu."

Nikaicheza. Mayu, udongo ulikuwa umepasuka kama kule kwetu baada ya mavuno. Miluzi ya kuwaita ng'ombe ilikuwa miluzi yenyewe. Nilisimama kidogo, nikavuta pumzi, nikaendelea. Lakini kila nilipofika kwenye maji lilikuja tangazo. Ng'ombe mmoja akipotea, unarudishwa mwanzo kabisa. Na kwenye simu ya kawaida, kama hizi tunazotumia wengi wetu, ilichemka na kuganda.

Nikayasema yote, mazuri kwanza kwa moyo wote, kisha mabaya kwa uwazi uleule.

Waliniita msaliti. Waliniita mwenye wivu. Luhende akapiga simu, sauti yake imekauka.

"Dada, ulishindwa kunyamaza hata kidogo?"

"Nimesifia kilichostahili."

"Watu watakumbuka lile baya tu."

"Na ningesifia yote, wangeifuta kwenye simu zao, halafu wakumbuke kwamba tuliwadanganya."

Akanitoa kwenye kundi. Halafu mtu mmoja nisiyemjua akaandika kwamba mama yangu angekuwa hai angenionea aibu. Hapo nililia, mayu, sikufichi. Nikanawa uso, nikajiuliza kama ni kweli. Sikuhitaji muda mrefu. Wewe ndiye uliyemwambia mchungaji, mbele ya kwaya nzima, kwamba wimbo mpya ni mzuri ila hauimbiki, na Jumapili iliyofuata ukawa wa kwanza kufika mazoezini.

Niliacha kujibizana mtandaoni. Nikaomba ukumbi mdogo wa kanisa, Jumamosi mchana, nikatangaza kwamba yeyote mwenye ile gemu aje na simu yake tuicheze pamoja. Walikuja wengi, wengine kunizomea. Luhende naye alikuja, kwa kuwa si mtu wa kukimbia. Sikuhutubia. Niliwaomba wacheze tu, kila mmoja kwenye simu aliyonayo.

Mwanzoni ukumbi ulijaa miluzi na vicheko. Baadaye nikaanza kuona vichwa vikiinuka. Mmoja anapepea simu ipoe, mwingine anasubiri tangazo liishe huku anaangalia dirishani. Luhende alikuwa amejitahidi kuliko wote. Aliwafikisha ng'ombe wake wote kisimani, na palepale simu ikaganda. Ilipozinduka, ng'ombe mmoja hayupo, naye yuko mwanzo wa safari. Akaitazama kwa muda, kisha akailaza kifudifudi kwenye benchi.

"Sasa hii nayo," akasema.

Hakuna aliyemcheka. Mimi pia sikucheka.

Nyuma kabisa alisimama binti mmoja mwembamba ambaye nilidhani ni mchezaji mgeni. Akasema anaitwa Shija, ni mmoja wa waliotengeneza hiyo gemu, ametoka Mwanza asubuhi ile bila kumwambia mtu.

"Sisi tulikuwa tunaijaribu kwenye simu nzuri," alisema. "Maoni nimesoma mengi, ya sifa na ya matusi. Lakini sijawahi kukaa nikaona mtu anavyoiweka chini."

Akavuta kiti akaanza kuwauliza mmoja mmoja, umechokea wapi, ulitaka nini kitokee. Waliokuja kunizomea ndio waliozungumza zaidi. Jua lilipopungua, Luhende akanifuata mlangoni.

"Nitakurudisha kwenye kundi, dada."

"Nirudishe, lakini nitaendelea kusema vilevile."

"Najua. Ndiyo maana nilikutoa." Akacheka mwenyewe, nami nikacheka naye. Huyu aliyekuchimbia kaburi sikutaka kumpoteza, mayu, ila sikuwa tayari kumbakiza kwa uongo.

Toleo jipya likatoka. Matangazo yamepungua, ng'ombe akipotea unamfuata badala ya kurudi mwanzo, na hata simu yangu inaimudu. Katikati bado inachosha kidogo, nami nimesema hivyo. Safari hii wamebishana nami kwa hoja, na wawili watatu wamenishinda. Napenda kundi la namna hiyo.

Lakini jambo hasa lililonifanya nikuandikie ni simu ya Shija. Kwenye gemu kuna mama mzee anayekaa kisimani na kuwapa watu maneno. Aliniomba sauti yako. Alisema siku hizi kompyuta inaweza kuchukua rekodi zako za zamani na kuifanya sauti hiyo iseme jambo lolote. Akanisomea mistari waliyoandika: songa mbele shujaa, umefanya vizuri sana.

Nilimwomba anipe muda. Nikazisikiliza rekodi zako zote, na nilitamani, mayu. Nilitamani mno kukusikia ukisema neno jipya, lolote lile. Kisha nikampigia nikakataa.

"Mama yangu hakumsifu mtu ambaye hajamwona," nilimwambia. "Hao wachezaji hajawaona. Siwezi kumfanya aseme."

Akasema amenielewa. Nikamwambia kama anataka mama wa kisimani, wapo walio hai. Nikampeleka Sapiwi kwa mama mdogo Holo, mdogo wako. Nilitoa sharti moja tu, kwamba wampe simu acheze kwanza, halafu waache aseme anachokiona mwenyewe.

Alicheza chini ya paa la jiko, miguu ameinyoosha, huku mjukuu akimwonyesha pa kubonyeza. Shija alikaa na kinasa sauti akisubiri maneno ya busara. Mama mdogo aliwaangalia wale ng'ombe wakisogea kisimani, akakunja uso.

"Wewe mama, hao wamekonda. Wanyweshe kwanza, salamu baadaye."

Ndiyo sauti iliyomo sasa. Watu wanacheka wakiisikia, kisha wanawanywesha ng'ombe wao. Wengine wameniuliza kama ni wewe. Nimewajibu kwamba si wewe, ni mdogo wako, na kwamba maneno ni yake.

Mimi ni mzima, mayu, nala vizuri, na kazi yangu naiweza. Pumzika. Huku nje bado tunabishana, na mimi nimo.

Binti yako,
Nkamba