Kwa Nini Sindano Hapenyi Tena Kwenye Foleni

Shangazi wa redioni,

Pole na kazi ya kubebeshwa mizigo ya watu, na leo nakuletea wa kwangu, maana nisipoutua mahali nitapasuka. Mimi ni mke wa mtu, miaka kumi na moja ya ndoa, watoto wawili, na kazi yangu ni mapokezi kwenye ofisi ya mawakili, yaani kutwa nzima naandika kitabuni nani kaingia saa ngapi na katoka saa ngapi, kwa hiyo usije ukaniambia kwamba nahisi tu. Mimi sihisi, mimi naandika.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, karakana yao iko upande wa pili wa mji, na anakwenda na kurudi kwa pikipiki. Kwenye kupenya foleni alikuwa hana mpinzani, ndiyo maana wenzake wanamwita Sindano. Magari yamebanana mpaka unaona hata paka hapiti, yeye anakunja vioo vya pembeni, anachungulia mara moja, huyo, keshatokea mbele. Anatoka kazini saa kumi na moja jioni, saa kumi na moja na nusu yuko mlangoni anauliza chai iko wapi. Nilikuwa namgombeza, namwambia, "Baba watoto, iko siku utabaki kwenye ubavu wa basi," naye anacheka.

Sasa ni miezi mitatu Sindano huyo simwoni. Anafika saa kumi na mbili na nusu, saa moja kasoro, siku moja saa moja na dakika kumi, zote ninazo kwenye daftari. Nikimuuliza anasema, "Foleni." Foleni! Mtu ambaye foleni kwake ilikuwa habari ya wenye magari! Nikamwambia, "Foleni imeanza kukuhusu lini?" Akajibu, "Nimekua, mke wangu, nimeamua kuendesha kwa adabu." Shangazi, mwanamume wa miaka arobaini na mbili akianza adabu ghafla bila kuhubiriwa na mtu, hapo pana jambo.

Subiri, sijamaliza. Mambo yalianza na jicho. Siku moja alirudi jicho la kushoto jekundu, linatoa machozi, akasema ni vumbi la chuma, limeshatoka, yamekwisha. Machozi yakaendelea karibu wiki. Jirani yangu wa mlango wa pili, ambaye ameshaachika mara mbili na mambo haya anayajua kwa undani, akaniambia hilo si vumbi, huyo analia, kuna mtu kamgombeza huko. Wiki hiyohiyo bosi wao aliwapunguza mafundi wawili, nikasema labda ni mawazo ya kazi, lakini yeye hakupunguzwa, sasa mawazo ya nini?

Na mawazo anayo. Akimimina chai inakwenda pembeni ya kikombe, anabaki anaangalia meza inavyolowa kama ya jirani. Anatembea ndani ya nyumba aliyoipaka rangi mwenyewe na bega la kushoto linagonga mlango. Nikamnusa kinywa mara tatu, pombe hakuna. Mwili uko hapa, akili iko kwa mtu. Halafu akaniomba tubadilishane pande za kitanda, nilale kulia kwake, ati huko ukutani kuna joto. Miaka kumi na moja ukuta haukuwa na joto! Nikajua anataka upande wa nje ili atoke na simu usiku bila kuniruka. Nimeipekua akiwa anaoga, sikukuta kitu, na simu isiyokuwa na kitu kabisa mimi ndiyo inanitisha zaidi.

Kisha vioo. Vile vya pembeni alivyokuwa anavikunja sasa viko wazi kutwa kucha, na cha kushoto amekinunua kipya, kikubwa kama sahani. Shangazi, kioo kikubwa namna ile ni cha kumtazama nani kama si yule uliyempakia nyuma? Maana mimi hanipakii tena. Kila Jumamosi alikuwa ananipeleka sokoni, sasa ananiambia, "Panda basi, mama, ni salama." Watoto nao hataki hata waikalie pikipiki ikiwa imezimwa uani. Kile kiti cha nyuma kimepata mwenyewe.

Wiki mbili zilizopita nikasema basi, nitamfumania. Nikaomba ruhusa kazini, nikakodi pikipiki, nikamngoja karibu na karakana yao, alipotoka tukamfuata. Akapanga foleni nyuma ya lori la mchanga, akatulia hapo kama gari, nafasi zinafunguka kulia na kushoto yeye hata hazitaki, mpaka kijana aliyekuwa ananiendesha akalalamika, "Mama, huyu anaendesha kama amejifunza leo asubuhi." Tulipofika kwenye taa nikamwambia kijana msogelee. Tukasimama kushoto kwake, Shangazi, karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningemshika sikio. Nikavua helmeti. Nikamkodolea macho nione atakavyoshtuka. Hakushtuka. Hakugeuka, hakupepesa, aliangalia mbele kama pembeni yake kuna mti. Mke wake wa ndoa! Taa ikawaka kijani, akaondoka. Na siku hiyo alikwenda moja kwa moja nyumbani, bila shaka alishanusa kwamba anafuatwa. Nililia njia nzima, kwa sababu kugombezwa nimezoea, lakini kufanywa kama sipo sijazoea.

Jumamosi hii nikamkalisha mbele ya dada yake. Wifi yangu anamtetea, "Wifi, kaka yangu hana mambo hayo," lakini mimi nilishafika mwisho. Nikamwambia, kuanzia Jumatatu saa kumi na moja na nusu uwe mlangoni kama zamani, dakika moja ikizidi utakuta nimekwenda kwa mama yangu na watoto. Akaniangalia kwa muda mrefu, akasema, "Sawa."

Na kumbe anaweza! Jumatatu alifika saa kumi na moja na dakika ishirini na nane. Jana, Jumanne, kumi na moja na dakika thelathini kamili. Lakini kile kioo kikubwa kinaning'inia, usukani upande wa kushoto una mchubuko wenye rangi nyeupe, na mkono wa koti umechanika. Nikamuuliza, akasema pikipiki ilianguka ikiwa imeegeshwa. Mikono ilikuwa inamtetemeka mpaka kijiko kinalia kwenye sahani, hakula, akaingia bafuni akakaa humo muda mrefu. Nadhani dhamira inamsuta, au huko alikoacha kupitia wamegombana.

Kwa hiyo, Shangazi, imethibitika kwamba ile miezi mitatu alikuwa ananidanganya kuhusu foleni. Hii barua naipitisha mwenyewe hapo kituoni kwenu nikienda kazini. Nakusikiliza kila siku, redio iko mezani kwangu kazini. Niambie tu, nimwache sasa, au kwanza nimkamate, na nimkamate vipi?

Mimi, Mwenye Daftari


Mwenye Daftari, mwanangu,

Barua yako nimeikuta mlangoni asubuhi ya leo, Jumatano, na nimeziruka barua arobaini za watu kuisoma hewani. Jina la utani la mume wako nimelibadilisha ili asijulikane kazini kwake. Hukuandika namba ya simu. Ungeandika, nisingengoja kipindi.

Kwanza pole. Umeumia na maumivu yako si ya kuchekwa. Sasa kaa vizuri nikugombeze, na tutakwenda haraka kwa sababu hatuna muda.

Umewahi kuona wapi mtu analia mapenzi kwa jicho moja? Umeniandikia kwa mkono wako mwenyewe: jicho la kushoto. Kisha bega la kushoto linagonga mlango. Kioo cha kushoto kinaongezwa ukubwa. Mke anaombwa alale kulia. Chai inamwagika pembeni ya kikombe, kwa sababu mtu wa jicho moja hajui kikombe kiko mbali kiasi gani. Na wewe ulisimama kushoto kwake kwenye taa, ukamkodolea macho! Mwanangu, hakukudharau. Hakukuona. Mume wako hakujua kama uko pale, na mpaka leo hajui.

Mimi si daktari na ninaweza kukosea. Lakini kabla ya kukalia kiti hiki niliendesha pikipiki miaka tisa nikisambaza magazeti, na foleni naijua. Kupita kati ya magari si ujanja wa kukunja vioo, huo wa kukunja vioo ni upuuzi na mume wako alistahili kofi tangu zamani. Unapita magari yakiwa yamesimama au yanatambaa tu. Lori hulisogelei. Macho unayaweka kwenye magurudumu ya mbele, kwa sababu gurudumu linakuambia gari linataka kwenda wapi kabla dereva mwenyewe hajawasha taa. Na kila nafasi unaipima upana wake kwa macho mawili, kulia na kushoto kwa pamoja. Anayeona upande mmoja hapimi. Anabahatisha.

Na yeye alilijua hilo. Ndiyo maana akaacha. Miezi mitatu amekaa nyuma ya malori akivuta moshi, Sindano mzima, akipitwa na wanafunzi, kwa sababu alitaka kufika nyumbani akiwa hai. Kile kiti cha nyuma hakikupata mwenyewe. Alikuondoa wewe na watoto kwa sababu hakujiamini tena kukubebeni. Amefanya vibaya kukuficha, tena vibaya sana, na kwa hilo nitamgombeza siku yake. Lakini bosi ametoka kuondoa watu wawili, fundi wa kuchomelea anakwenda kusema jicho limeharibika aseme kwa nani? Na nyumbani kuna mtu anaandika daftari. Samahani, lakini ndivyo ilivyo. Miezi mitatu umeandika dakika zote, na hukumwuliza hata mara moja kama anaumwa.

Jirani yako wa mlango wa pili mpe salamu, na mambo ya nyumba yako usimpe tena.

Sasa sikiliza hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipoacha kunywa chai yangu nikiisoma barua. Jumamosi ulimpa dakika thelathini. Akakuangalia, akasema sawa. Unajua alikubali nini? Alikubali kurudi katikati ya magari na upande mmoja wa dunia ukiwa giza, ili wewe usiondoke. Jumatatu akapona. Jana ile rangi nyeupe kwenye usukani ni ya gari la mtu, na ile mikono haikutetemeka kwa dhamira. Ametetemeka kwa sababu ameona kifo. Na leo ni Jumatano, na bado anaamini lazima afike saa kumi na moja na nusu.

Kesho asubuhi na mapema mnakwenda pamoja hospitali, kwa daktari wa macho, si duka la miwani. Mwambie daktari ni chuma, kiliingia miezi mitatu iliyopita, na msitoke bila jibu. Kwa bosi atasema nini, mtakaa muamue baada ya daktari, wifi yako awepo, mtu mwenye akili katika hadithi hii yote ni yeye. Mkimaliza hapo, kama bado una wivu, niandikie tena na namba ya simu uweke.

Lakini hayo ni ya kesho. Sasa hivi ni saa tisa na dakika ishirini mchana. Anatoka kazini saa kumi na moja. Nyanyua simu iliyo mezani kwako, mawakili watasubiri. Usimuulize maswali, kuna watu pembeni yake. Mwambie pikipiki ailaze hapohapo karakana na arudi kwa basi. Asipopokea, toka, panda gari lolote, kamzuie mlangoni, na ukifika simama kulia kwake.

Atakuuliza, "Na saa kumi na moja na nusu?" kwa sababu umemtia hofu na hiyo saa. Mwambie umeifuta. Mwambie leo achelewe.