Uzio wa Masale

Jumatatu, 3 Aprili 1911
Mvua tangu alfajiri. Nimefundisha katekisimu, nimerudi, nimemwosha Monika miguu. Maji yalikuwa ya moto mno, hakushtuka. Mabaka yamefika shingoni. Ua wetu unaonekana wote kutoka njia ya misheni, na watu wa akida wanapita kila siku. Wakijua mke wangu ana ukoma, watampeleka kambini. Lazima nipate uzio.

Alhamisi, 6 Aprili
Minyaa niliyochomeka mwezi uliopita imeoza. Chini ya mifenesi hii jua halifiki. Mibono nayo imerefuka tu, majani matatu juu. Basi masale. Yanapenda kivuli, yamejaa korongoni, na ukikata marefu una uzio siku hiyo hiyo. Kwetu Bagamoyo ni pambo la barazani.

Jumamosi, 8 Aprili
Nimepanda safu mbili, kimo changu. Mgongo hauna hali. Monika alipotoka ndani akayatazama, akauliza, "Umemwambia mjomba?" Nikacheka. Ruhusa ya majani! Yeye hakucheka. Lakini amekaa uani hadi magharibi, mara ya kwanza tangu Krismasi.

Jumanne, 11 Aprili
Mjomba wake, Mzee Kobelo, mwenye kauli juu ya ardhi ya ukoo wao, ambayo huku hurithiwa na wanawake, amekuja. Hakuitikia shikamoo yangu.
"Mkwe, masale ni mpaka. Nani kakugawia shamba la dada zangu?"
Nikasema ni uzio tu. Akauliza naficha nini. Monika anataka aambiwe. Nimekataa. Mzee akilewa hana siri. Namwogopa.

Ijumaa Kuu, 14 Aprili
Mzee kapeleka shauri kwa akida. Akida atakuja Jumatano kukagua mpaka. Nikiyang'oa, ua uko wazi. Nikiyaacha, akida huyo mlangoni. Najichukia. Jumanne nitampeleka Monika kwa shangazi yake, juu mlimani. Nimefuata Njia ya Msalaba bila kusikia neno.

Jumatatu, 17 Aprili
Akida kaja leo. Siku mbili kabla! Kaipima safu kwa bakora, kazunguka hadi uani. Monika alikuwa anachambua mboga, shingo wazi. Akida karudi nyuma hatua tatu. Kasema askari watakuja Alhamisi.
Mzee Kobelo kashika kichwa. "Mkwe, mbona hukuniambia? Ningeyapanda mwenyewe."
 

Jumapili, 23 Aprili
Walimchukua Alhamisi asubuhi. Kanga mbili na rozari, basi. Hakulia. Mimi nililia.
Mvua imepungua. Mzee kaja baada ya misa na kapu la magimbi. Kapika mwenyewe, tumekula. Kauliza kama kambini wanapokea mume. Nimesema sijui, ila nimeshamuaga padre. Kesho naondoka. Mzee kachukua kibuyu, kaenda kuteka maji ya safari yangu.