Nilimsifu Shemeji Kikaoni, Dada Akarudishwa Kwake

Bi Mwanaheri, shikamoo. Najua unapokea barua nyingi na nyingine ni za watu waliogombana kwa meseji tu, lakini hii yangu naomba uisome mpaka chini, maana kikao ni Jumapili na sina mtu mwingine wa kumuuliza, wote ninaowajua watakaa kwenye kikao hicho hicho.

Mimi ni mwalimu wa chekechea, nakaa Tandika na mama yangu, na tangu utotoni nina ugonjwa wa kuogopa watu, watoto nawaimbia na kuwasimulia hadithi mpaka wanasahau uji wao, lakini wazazi wao wakija shuleni kwenye mkutano nilikuwa natetemeka magoti na sauti inakauka, kuna siku nilijifungia stoo ya magodoro nikasingizia tumbo, na aliyekuja kunichukua siku ile alikuwa shemeji yangu Yazid, mume wa dada yangu Arwa. Yazid ni dalali wa viwanja vya kule Pugu, kuongea ndiyo kazi yake, lakini hakunicheka, aliniambia tu, "Mdogo wangu, hii ishu ina dawa," na Jumamosi iliyofuata akanipeleka Mwenge kwenye klabu ya watu wanaojifunza kuzungumza mbele ya watu.

Klabu inakutana chumba cha juu, chini yake kuna duka la vinyago, unapanda ngazi huku unasikia wanapiga randa, na kule juu kila mtu anapewa nafasi ya kusimama na kusema, muda ukiisha inapigwa kengele, halafu mwenzako mmoja anasimama kukukosoa. Mwenyekiti wetu ni kaka mmoja anaitwa Edgar, mpole sana, hataki mtu avunjike moyo, kwa hiyo ameweka utaratibu kwamba anayekosoa lazima aanze na sifa, kasoro aiweke katikati na aiseme kama ombi, "safari ijayo ningependa kuona kadha wa kadha", kisha afunge na sifa tena. Mimi utaratibu ule ndio ulioniponya, Bi Mwanaheri, siku ya kwanza nilisema sentensi moja nikalia na bado walinisifu kwamba nimesimama wima, na Yazid ndiye alikuwa mlezi wangu pale, akinisikiliza nikijizoeza, akinifundisha nitazame wapi na mikono niiweke wapi, mpaka mwaka huu nimefanywa mwalimu mkuu msaidizi na mikutano ya wazazi naiendesha mimi.

Kumbe muda wote huo Arwa alikuwa anapigwa. Tulikuwa tunajua kidogo, yaani tulijua vile watu wanavyojua na kunyamaza, mpaka siku alipokuja kwa mama amevimba uso akasema amechoka, na kwetu mambo ya ndoa yanawekewa kikao kabla hayajaenda popote, upande wa mume wanakuja, upande wa mke tunakaa, kila upande unakuwa na msemaji mmoja, na mwanamke mwenyewe anabaki chumba cha ndani anasikiliza nyuma ya pazia. Miaka yote msemaji wetu ni mjomba Thuwaini, kaka yake mama, lakini safari hii mjomba akasema, "Mie nishazeeka, naropoka. Aseme huyu mdogo mtu, siku hizi anaongea kama redio." Nilifurahi, Bi Mwanaheri, sitakuficha, dada yangu amevimba uso na mimi nilifurahi kuchaguliwa, nikajizoeza mbele ya kioo kama ninavyojizoeza kwa ajili ya klabu.

Siku ikafika nikasimama, miguu haikutetemeka, nikaanza kama nilivyofundishwa, nikasema shemeji Yazid ni mtu aliyenishika mkono nilipokuwa siwezi kusimama, ni mtu anayemletea mama dawa za presha bila kuambiwa, nikawaona wazee wa upande wake wanatikisa vichwa kukubali, nikafika katikati, na hapo nilikuwa nimepanga kusema kwamba anampiga, neno lenyewe nilikuwa nalo mdomoni, lakini macho yangu yakakutana na ya Yazid, anatabasamu kama anavyonitabasamia klabu nikikaribia kumaliza, nikajisikia nasema, "Safari ijayo ningependa kuona shemeji anapunguza hasira kidogo," kisha nikafunga na sifa kwamba ndoa yao ni mfano kwetu wadogo, nikakaa.

Wakapiga makofi, na aliyeanza ni Yazid. Mjomba akasema, "Alhamdulillahi, mdogo mtu mwenyewe kamshuhudia shemejiye, sie tuna la kuongeza?" Ikasomwa fatiha, na kwetu fatiha ikishasomwa jambo limefungwa, atakayelifungua ndiye anayeonekana mchokozi. Arwa akatoka chumbani na mkoba wake, aliponipita akaniambia, "Umeongea vizuri," akaenda kupanda gari la mumewe.

Mwezi haukuisha. Sasa hivi ninavyokuandikia Arwa yuko kitandani kwangu, mkono wa kulia umefungwa plasta, na sikio la kushoto halisikii tena, daktari amesema huenda lisirudi, ukitaka akusikie lazima ukae kulia kwake. Hospitali tulisema ameteleza bafuni, aliyesema ni mama na mimi nilikuwa nimesimama pale pale nikaitikia. Mjomba ameitisha kikao kingine Jumapili, Yazid atakuja kuomba radhi ili amchukue mkewe, na mjomba anataka niseme tena mimi kwa sababu maneno yangu ndiyo yaliyoleta suluhu mara ya kwanza na nikiyageuza tutaonekana familia ya waongo. Mama anasema nisimwaibishe kaka yake mbele ya wakwe. Yazid mwenyewe amenipigia simu, sauti ile ile ya upole, akasema, "Mdogo wangu, mie ndo nilokufungua huo mdomo. Jumapili sema kama ulivyosema siku ile, inatosha." Nikaenda kwa Edgar nikamwambia yote, akasema, "Dada, klabu haiwezi kuingilia mambo ya ndani ya nyumba za wanachama," na ubaoni nyuma yake palikuwa pameandikwa mzungumzaji mkuu wa Jumamosi hii ni Yazid, mada ni heshima katika ndoa.

Nifanye nini, Bi Mwanaheri, nikae kimya nimwachie mjomba, au niseme, na nikisema nianzie wapi, maana kila nikisimama mbele ya kioo kujizoeza mdomo wangu unaanza kwa kumsifu, naufunga, naufungua tena, unaanza kwa kumsifu.

Mwalimu, Tandika

*

Mwalimu, marahaba.

Nimeisoma mpaka chini kama ulivyoomba, halafu nikairudia tangu juu, kuna kitu nilikuwa nakitafuta humo. Nitakuambia nikimaliza.

Pole sana. Umpe pole na Arwa, mwambie imetoka kwangu. Baada ya hapo tusikilizane, maana sina tabia ya kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Ulikosea. Utaratibu wa Edgar unamfaa mtu aliyesahau mstari wa hotuba yake, huyo mpe sifa, mwombe, mpe sifa tena, aende nyumbani na moyo wake. Kwa mwanamume anayepiga mkewe hakuna safari ijayo ya kuombewa. Na wewe ni mtoto wa vikao, umekulia humo, ulipaswa kujua kwamba wengi wa wazee wale wanakuja wakitafuta neno moja la kuondokea kabla pilau haijapoa. Ukawapa neno lenyewe, tena kwa sauti nzuri.

Lakini kosa lako lina ukubwa wake, usilifanye kubwa kuliko lilivyo. Aliyevunja mkono ule ni Yazid. Aliyeziba sikio lile ni Yazid. Mjomba wako amerudisha wanawake wangapi kwa waume zao kabla wewe hujajua hata kusimama? Anakuwekea mzigo wake kichwani na wewe unaubeba kwa sababu amekusifu kwamba unaongea kama redio. Mwenye jukumu la kusema alikuwa yeye.

Hiyo habari ya kwamba Yazid ndiye aliyekufungua mdomo imenichefua. Alikupakia kwenye gari mpaka Mwenge, basi. Aliyepanda ngazi ni wewe, aliyelia mbele za watu na kurudi wiki iliyofuata ni wewe. Kama unaona una deni la wema kwake, mshukuru kwa lifti, mama yako amshukuru kwa dawa za presha, na mambo ya Arwa yabaki ya Arwa. Mtu huyo alijua kukuonea huruma stoo ya magodoro, maana yake anajua huruma ni nini. Akifika nyumbani kwake anaiacha mlangoni kwa kupenda mwenyewe.

Sasa ya kufanya, na usingoje Jumapili. Rudini hospitali, wewe na Arwa, mkamwambie daktari kwamba habari ya bafuni ilikuwa uongo na mkono huu umevunjwa na mtu. Nendeni polisi kwenye dawati la jinsia, mseme hivyo hivyo, mseme na jina lake. Mama akikataa kwenda mwacheni nyumbani kwa heshima zote, msigombane naye, anaogopa na ana umri wake, ila ufunguo wa mlango kaa nao wewe. Yazid akija kabla ya kikao hafunguliwi, hata akija na matunda. Akipiga simu usipokee, wewe hasa, maana sauti yake bado ina kazi ndani ya kichwa chako na unajua hivyo. Ndoa yenyewe, kama Arwa haitaki tena, ina njia yake kwa kadhi, na kadhi hawezi kumwambia asubiri fatiha ya mjomba Thuwaini. Fatiha ni dua. Mjomba akisema imeshasomwa, mwambie kwa adabu kwamba isomwe nyingine, ya kumwombea mgonjwa.

Jumamosi hii usiende Mwenge. Edgar nimemwelewa, ni mtu mwema anayeogopa, na watu wa aina yake wamejaa mjini humu, hawampigi mtu yeyote na hawamzuii anayepiga. Ukipata nguvu, siku nyingine nenda, klabu usiiache, uliipata kwa machozi yako mwenyewe. Wakiendelea kumpa Yazid meza ya mbele azungumzie heshima, tafuta klabu nyingine.

Unaniuliza useme au unyamaze, na ukisema uanzie wapi. Kikao si mahakama, Arwa akisema hakitaki, hakipo, na mjomba atakula pilau yake kwingine. Akikitaka, pazia hilo litolewe. Akae sebuleni na plasta yake, kila mtu auone ule mkono kabla mtu yeyote hajafungua mdomo. Wewe usimtazame Yazid, alishakufundisha pa kutazama na ndipo ulipopotelea. Mtazame dada yako. Useme hivi, na uyajifunze kwa moyo kama watoto wako wanavyojifunza wimbo: "Siku ile nilimsifu shemeji nikaficha kwamba anampiga dada. Anampiga. Amemvunja mkono na amemziba sikio. Mwenyewe atawaambia anachotaka." Kisha kaa chini. Hakuna atakayepiga makofi. Mama yako atainama, mjomba atakuita mtoto asiye na adabu, na huenda kwa muda mrefu usialikwe kwenye shughuli za watu wale. Itakuuma. Uvumilie.

Sasa nikuambie nilichokuwa nakitafuta kwenye barua yako. Nilikuwa namtafuta Arwa. Mjomba nimemsikia, mama nimemsikia, Edgar nimemsikia, Yazid nimemsikia mpaka upole wa sauti yake, na wewe mwalimu nimekusikia sana. Dada yako amelala kitandani kwako, na katika barua yote hiyo amesema mara moja kwamba amechoka, kisha ana maneno mawili tu, na hayo nayo alikuwa anakusifia wewe. Hujaniambia kama anataka kikao. Hujaniambia kama anataka polisi, kama anataka talaka, kama anaogopa kurudi au anaogopa kubaki. Nadhani hujui. Nadhani hakuna aliyemuuliza, nyumba nzima.

Hayo yote niliyokuandikia hapo juu, usianze na hata moja kabla ya hili. Leo ukitoka shule nenda moja kwa moja nyumbani, funga mlango wa chumba, kaa kulia kwake, upande anaosikia, umuulize anataka nini. Akisema kitu usichokitaka, usimkaripie na usimpe hotuba. Akilia, mwache alie. Usiseme kitu mpaka amalize.