Mkufu wa Thenmozhi Uliokataliwa Chapa

Mtaa wa Masonara,
Coimbatore.
12 Septemba 2023

Mpendwa Kaka Murugesan,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Goti linaendeleaje? Usinidanganye kama ulivyofanya kwenye simu, maana wifi Sulochana ameshaniambia kwamba huko Penang unapanda ngazi upande upande kama kaa. Sisi tu wazima. Mvua imechelewa na nyanya zangu za uani zimekauka, lakini kahawa ipo na pumzi ipo.

Leo nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu nina jambo la kujivunia, na kwenye simu huwa unanikatiza.

Unakumbuka maneno ya watu baba yetu alipofariki. Walisema benchi la usonara limebakia na msichana, kwa hiyo litauzwa kuni. Mwanangu Kuyili hakuliuza. Amechukua leseni, jina lake limeandikwa mlangoni, na mwezi uliopita Pushpavalli, yule muuza maua wa karibu na hekalu, alimpa kazi ya mkufu wa ndoa wa bintiye Thenmozhi. Dhahabu yenyewe ilikuwa bangili za marehemu mama yake Pushpavalli. Hebu fikiria uzito wa kazi hiyo, kaka.

Aliutengeneza kwa mkono, kipete kwa kipete, kama baba alivyomfundisha. Lakini siku hizi sonara haruhusiwi kuuza bila chapa ya 916, yaani sehemu 916 za dhahabu halisi katika kila elfu, basi akaupeleka kituo cha kupimia. Ukarudi umekataliwa, na wiki yenyewe ndiyo ya harusi! Dhahabu haikuwa na kasoro. Lehemu aliyoungia vipete ndiyo ilikuwa na dhahabu kidogo mno, na kwa kuwa vipete ni vingi, mkufu mzima ukashuka chini ya kiwango.

Sokkalingam, mwenye duka la jirani, alizipata habari kabla hata sijachemsha maji. Akaja, akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Binti yangu, mbona sura kama umemeza koleo? Lete huo mkufu. Nina mtu wangu ana mashine nyumbani. Atakupigia 916 safi, hata hao wa kituoni hawataitofautisha."

"Na Thenmozhi je, mjomba?"

"Thenmozhi atauvaa mpaka uzeeni. Nani atampima shingo?"

"Siku akibanwa akaupeleka kuweka rehani, watampima."

"Siku hiyo mimi na wewe hatupo!"

"Mimi nitakuwepo. Jina langu liko mlangoni."

Sokkalingam akacheka. "Ndiyo maana nasema kazi hii si ya wanawake. Mna roho nyepesi mno."

Nilikuwa nimeshika upawa, kaka, na mkono uliniwasha. Kuyili akamwambia kwa upole, "Mjomba, kahawa yako inapoa." Jamaa akainywa kwa mkupuo mmoja, akaondoka.

Palepale mpwa wako akavaa kandambili, akaenda kwa Pushpavalli. Nikamfuata. Tulimkuta akitunga asumini.

"Mama Thenmozhi, mkufu umekataliwa chapa. Kosa ni langu, ni lehemu niliyotumia. Nimekuja kukuomba ruhusa niuyeyushe, nianze upya."

"Uyeyushe? Bangili za mama yangu? Wageni wameshaanza kuingia! Wakwe nitawaambia nini, mkufu uko jikoni unachemka?"

Akalia. Mimi nami nikalia, sijui kwa nini, sikuwa nimeombwa. Kuyili peke yake ndiye aliyesimama wima.

"Ukitaka kumpa sonara mwingine, dhahabu yako nitakurudishia yote. Itakayopungua nitaijaza kwa hereni zangu hizi."

Ni zile hereni alizopewa na baba, kaka. Pushpavalli akazitazama kitambo, akarudi kwenye maua yake. Kisha akauliza, "Hao masonara wengine wangekuja kuniambia?"

Kuyili angeweza kulitaja jina la mtu pale. Hakulitaja.

"Haya, nenda kayeyushe," Pushpavalli akasema. "Ukinichelewesha, nitakunyonga kwa uzi huu huu."

Akayeyusha, akaanza upya kwa lehemu aliyoichanganya mwenyewe, akashinda kwenye benchi mpaka vidole vikatoka malengelenge. Safari hii kituo kiliupokea, wakaupiga chapa.

Hapa nimjibu mwanao Iniyan, aliyeniuliza kwa nini kitabu chake cha Kiingereza kinasema kwamba uaminifu ni chapa ya mtu mwema, na kwetu Watamil tunalisemaje neno hilo la chapa. Mwambie hivi: kwenye dhahabu tunasema tara muttirai, muhuri wa ubora. Lakini asiuandike huo kwa mtu, mwalimu atadhani kuna watu wamegongwa muhuri shavuni. Kwa mtu aandike sirappiyalbu, ile sifa ambayo ukimwondolea, si yeye tena. Akitaka mfano, aandike habari za binamu yake.

Sasa sikia ya harusini. Bwana harusi alipokwisha kumvika Thenmozhi mkufu, nyanya yake bwana harusi huyo alisogea, akaunyanyua, akaitafuta ile chapa kwa ncha ya kucha. Kisha akauliza kwa sauti ya watu wasiosikia vizuri, "Mmeununua duka gani?"

Ukumbi mzima uligeuka. Pushpavalli akasimama.

"Haukununuliwa, mama. Umetengenezwa na Kuyili, yule pale mwenye sari ya kijani. Wa kwanza ulikataliwa chapa, akaja nyumbani kuniambia kwa kinywa chake."

Nilidhani tumeaibika. Bibi yule akamwita Kuyili kwa kidole, akamwambia, "Lete mikono." Akaigeuza, akayaona malengelenge. Halafu, kaka, mbele ya wakwe na mtaa mzima, akaiinua mikono ya mwanangu akaigusisha machoni pake, kama tunavyofanya kwa kitu kilichotoka hekaluni. Katika ukoo wetu wa masonara hakuna aliyewahi kutendewa hivyo, hata baba.

Nisalimie wifi Sulochana, Iniyan na Malarvizhi. Shemeji yako Ponnusamy anakusalimu, na Kuyili anakushika miguu kwa heshima. Mungu aijalie nyumba yenu isikose mchele wala kicheko.

Mdogo wako akupendaye,
Kothai