Baba alipoonja nyanya zake

Wewe, usinipigie, sauti haitoki. Soma tu.

Unajua baba alivyostaafu upishi wa hospitali akahamishia akili yote kwenye bustani. Leo nyanya zimeiva, aina nne. Akazikata mwenyewe, akatuita tuonje.

Akaanza na ya njano. "Hii ina uchachu mzuri."

Haikuwa na uchachu hata kidogo. Ilikuwa tamu kama tunda.

Kaka akamwambia afumbe macho aonje tena, tuone kama kweli ni mpishi. Utani tu, unamjua kaka. Baba akafumba. Kaka akachovya kipande kwenye chumvi mpaka kikawa cheupe, akamlisha.

Baba akatafuna taratibu. Akameza.

"Hii ndiyo tamu kuliko zote."

Chumvi tupu ile. Na uso hakukunja.

Hakuna aliyecheka. Akafumbua macho, akatutazama mmoja mmoja. "Nimekosea?"

Mama akamjibu, "Hujakosea."

Nikamfuata mama jikoni. Akaniambia huku anaosha sahani, kama anazungumzia hali ya hewa: "Mwaka wa pili huu. Yeye anapika, akitoka nje kidogo mimi naonja, narekebisha."

Michuzi yote ile tuliyomsifia.

Nikamuuliza, "Na yeye hajui?"

"Anajua. Ndiyo maana anatoka."

Nimekaa hapa mlangoni. Hata kulia silii, nimekaa tu.

Baba ananiita kutoka bustanini. Anataka nimwambie ipi tamu zaidi, atunze mbegu zake.

Ngoja niende.