Majani ya Mkungu kwa Samaki wa Daktari

Tarehe 4 Machi

Baba mkwe, shikamoo.

Natumaini kifua kimekupa nafasi ya kupumua na goti la mama limepungua. Mimi mzima, nimechoka tu. Nimechoka mpaka kivuli changu kinaomba likizo.

Najua ukiona mwandiko huu unasema, "Huyu tena, sasa anauza nini?" Siuzi kitu, baba. Vifaranga basi, makava ya simu basi. Nina kazi ya kueleweka: natunza tangi la samaki kwenye chumba cha kusubiria cha daktari wa meno. Mgonjwa akitazama samaki, anasahau koleo.

Tatizo ni maji. Samaki wenyewe ni wadogo, wana mstari wa buluu ubavuni kama wamepigwa rula. Muuzaji anasema asili yao ni mito ya msituni, majani yanaozea humohumo, maji ni ya kahawia, laini, yana uchachu kidogo. Ya kwetu hapa ni ya kisima, magumu. Mimi nilidhani maji magumu ni barafu! Kumbe ni haya ambayo sabuni haitoi povu na birika linaota ukoko mweupe. Samaki wamejibana pembeni, mapezi wameyakunja kama watu wanaodaiwa kodi. Daktari kasema wakifa, na kazi imekufa.

Wewe umeloweka ngozi kwenye maji ya magome tangu sijazaliwa. Nitumie majani makavu ya ule mkungu wa nyuma ya banda lako, na magome kidogo. Nataka kazi hii inikalie, ili mwenzangu akisikia habari zangu, asikie za mtu aliyetulia. Mwezi wa tano huu tangu arudi kwenu.

Nisalimie mwenzangu. Mwambie... basi, nisalimie tu.

Mkweo


Tarehe 15 Machi

Mkwe, marahaba.

Kifua kipo palepale. Mama yako anatembea, ila analalamika zaidi ya anavyotembea.

Majani ni haya, arobaini. Yameanguka yenyewe, yamekauka kivulini. La kijani usitie. Suuza vumbi, weka jani moja kwa ndoo moja ya maji, kisha ngoja. Litazama lenyewe na rangi itatoka taratibu. Likianza kuchanika, toa, weka jingine.

Magome sikupi. Ni makali, na wewe huna kipimo mkononi. Yale ni ya ngozi ya ng'ombe aliyekwisha kufa. Ukipata kipande cha gogo kavu lisilo na utomvu, lichemshe mpaka lizame, hilo litafaa.

Salamu zimefika. Hajajibu. Na usinitume tena kupeleka "basi". Nimeshindwa kuitamka.

Baba mkwe wako


Tarehe 2 Aprili

Baba mkwe, shikamoo.

Habari za kifua? Mama je? Mimi mzima wa nje, ndani nimechakaa. Lifti ya jengo hili ilikufa kabla ya mwenye jengo, na tangi liko ghorofa ya tatu. Kutwa ni mimi na ndoo, ndoo na mimi. Mabega yangu siku hizi hayaongei na shingo.

Majani yamefika, asante. Ulisema jani moja kwa ndoo. Tangi ni ndoo nane. Niliweka manane nikangoja siku mbili, uvumilivu ukaniishia, nikaongeza kumi na mawili. Maji yamekuwa chai! Mzee mmoja kamuuliza dada wa mapokezi, "Hapo ndipo tunaposukutulia?" Dada wa mapokezi naye hana dogo. Ananiambia, "Fundi, ongeza sukari basi tunywe."

Lakini nina vile vikaratasi vya kupimia uchachu. Nachovya, rangi haibadiliki. Siku kumi na nne, haisogei. Chai imekolea na maji ni magumu vilevile. Samaki bado wako pembeni, na wawili wameshakufa.

Na tangi nililipamba, baba, ungeliona! Makombe meupe ya chaza kutoka pwani chini kote, na mawe meupe nimeyapanga kama ngazi. Samaki gani hao wasioridhika?

Mwenzangu anakula? Huwa anauliza kitu?

Mkweo


Tarehe 20 Aprili

Mkwe, marahaba.

Hayo makombe ni chokaa. Yanayeyuka kidogo kidogo kila siku, na chokaa inaua uchachu, ndiyo maana majani yako yanatoa rangi tu. Mawe yadondoshee siki. Jiwe likitoa povu, nalo ni chokaa.

Sisi ngozi tunaianza kwa chokaa ili nywele zitoke. Halafu tunaisuuza siku nzima, maana chokaa ikibaki, magome hayaingii, unaishia na doa jeusi. Nilijifunza hilo kwa kuharibu ngozi sita za watu.

Toa urembo wote. Maji ya kisima nayo yana chokaa yake, jani halitaiweza peke yake. Kinga maji ya mvua, yakiisha kutulia na kutakata changanya nusu kwa nusu na ya kisima. Ubadilishe kidogo kila siku, usiwashtue. Majani rudi kwenye manane.

Umeuliza kama anakula. Anakula. Umeuliza kama anauliza. Hapana.

Nitasema mara moja, maana nimechoka kuwa tarishi. Binti yangu hakuondoka kwa sababu ya vifaranga wala makava. Siku tuliyomzika mtoto wenu, wewe ulikuwa uani unachekesha wageni. Yeye alikuwa ndani, anasikia watu wanacheka. Mtoto wa siku kumi na moja. Mimi pia nilisikia.

Baba mkwe wako


Tarehe 11 Juni

Baba mkwe, shikamoo.

Nisamehe kimya. Barua yako nimekaa nayo wiki saba. Habari ya chokaa niliisoma mara tatu nikitafuta fumbo, nikadhani unanipiga kijembe. Kumbe ulikuwa unasema chokaa.

Nimetoa makombe na mawe. Nimefunga bomba chini ya bati la duka la jirani, mvua inajaza pipa. Nilibadilisha kidogo kidogo kama ulivyosema. Karatasi ilianza kugeuka siku ya tisa. Samaki wametoka pembeni, wanazunguka tangi zima, na ule mstari sasa unawaka. Waliobaki ni tisa. Daktari kasema maji yabaki na kahawia yake, na dada wa mapokezi amewabandikia wagonjwa karatasi: SI UCHAFU.

Hiyo ndiyo habari ya samaki. Sasa hii nyingine mpe mwenzangu.

Siku ile nilimbeba mtoto mimi mwenyewe mpaka makaburini. Alikuwa mwepesi. Niliporudi uani mikono ilikuwa bado imekaa kama imembeba, haishuki. Mtu mmoja akaniangalia mikono. Nikaogopa atasema kitu, nikatoa utani. Wakacheka. Nikaona wakicheka hawaniangalii mikono, nikatoa mwingine. Sikuweza kuacha. Nikajua nikiacha nitaanguka pale mbele ya watu.

Nilijua yupo ndani. Nilijua anasikia. Sikuingia kwa sababu angeniona usoni.

Tangu siku hiyo sijataja jina la mtoto wetu. Nalijua. Nalisema nikiwa ngazini na ndoo, pasipo na mtu.

Sina zaidi.

Mkweo


Tarehe 1 Julai

Mkwe, marahaba.

Barua sikumsomea. Hayo si maneno ya kupita kinywani mwangu. Nilimpa, akaenda nayo uani, akakaa mpaka chai yake ikapoa na mama yako akamletea nyingine, nayo ikapoa.

Hiyo ilikuwa siku tatu zilizopita. Leo asubuhi ananifungia kamba ya viatu, maana siku hizi kuinama kunanikaba kifua, akasema, "Mwambie aje." Nikamuuliza, "Akuchukue?" Akasema, "Hapana. Aje akae. Hilo jina analolisema kwenye ngazi, aje alisemee hapa."

Zaidi ya hapo hakuniambia, nami sikuahidi lolote kwa niaba yake. Ukija, usije na zawadi. Ukianza utani mlangoni, nitakurudisha mwenyewe, na kifua hiki hiki.

Baba mkwe wako


Tarehe 5 Julai

Baba mkwe, shikamoo.

Barua nimeipata. Samaki nimemwachia dada wa mapokezi. Daktari hajapenda.

Sijui nitasema nini nikifika.

Nakuja Jumamosi.

Mkweo