Benzi la Babu na Eda ya Bibi

Jumapili, 6 Julai 2025

Leo tumesoma hitma ya babu. Arobaini imetimia. Nimeosha masufuria mpaka vidole vimekunjamana, lakini siandiki kwa sababu ya masufuria. Baba ametoa Benzi!

Ilikuwa baada ya dua. Watu walikuwa wamekula, wamejaa mpaka barabarani. Baba akasimama. Akasema familia imeamua: gari la marehemu mzee Halfani litolewe sadaka kwa hosteli ya wasichana. Liuzwe, paa lipigwe. Takbira! Mwalimu Hilda alilia palepale. Yeye ni Mkristo lakini alikuja amejifunga mtandio vizuri, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya hosteli. Jengo limekwama kwenye lenta, bila paa, tangu nipo darasa la saba. Mbuzi wanalala humo.

Baba mdogo Adamu alikuwa mlangoni na sahani yake. Akaniinamia: "Familia imeamua? Na mimi ni nani, Zulfa, mpishi?" Alicheka. Sina hakika kama alikuwa anacheka.

Benzi liko nyuma ya stoo, chini ya turubai. Jeusi. Babu alilinunua zamani kwa meneja mmoja wa mashamba ya ngano, na alilipenda kupita kiasi. Kila aliyepanda alivua viatu na kuvipakata. Kila mtu! Mgonjwa, bibi harusi, mimi na nepi yangu.

Nimefurahi mpaka naogopa. Hosteli ikiisha, Scolastica amepona. Tumekaa dawati moja tangu kidato cha kwanza. Kwao ni Getanuwas, mbali, kwa hiyo anakaa geto — chumba cha kupanga nyuma ya soko. Mwenzake aliacha shule, sasa analala peke yake na mlango unafungwa kwa kamba. Baba yake, mzee Gidahosh, amesema mtoto alale penye lango na mwangalizi, la sivyo arudi nyumbani. Siwezi hata kumlaumu. Ule mlango nimeuona.

Jumanne, 8 Julai 2025

Baba amerudi kutoka msikitini uso umemshuka. Hakugusa ugali.

Nilimsikia akimwambia mama. Shehe alimvuta pembeni, akamuuliza kama warithi wote wameridhia. Baba akasema Adamu atanuna lakini ataridhia. Shehe akauliza, na mama yako, mjane wa marehemu? Baba akasema mama yupo eda, tunamheshimu, hatumpelekei habari za mali. Shehe akasema eda imemzuia kutoka nje na kujipamba, haijamzuia kusema. Ana fungu lake kwenye gari lile, na fungu la mtu halitolewi sadaka na mtu mwingine. Akiridhia, sawa. Akikataa, baba arudi mbele ya watu aseme alikosea.

Mama akauliza: "Kwani hamkumuuliza?"

 Kijiko kikaanguka.

Hawakumuuliza. Walikaa sebuleni siku tatu wanajadili, na chumba cha bibi ni hapo hapo, ni ukuta tu!

Ijumaa, 18 Julai 2025

Nilijua. Nilijua itaniangukia mimi.

Baba ameniita dukani. Akasema wewe ndiye unampelekea bibi chakula, wewe unamsomea Yasini. Mchunguze taratibu anaonaje habari ya gari. Nikasema, baba, kwa nini usimuulize wewe? Akaanza kupanga misumari ambayo ilikuwa imepangwa tayari. Akasema mama yake akikataa mbele yake hatakuwa na pa kuuweka uso.

Baba mdogo Adamu naye amepiga simu kutoka Dongobesh. Yeye anataka Benzi liwe gari la harusi, la kukodisha. "Mwambie bibi yako tutaliweka maua! Litakuwa linatembea, watu wanapiga vigelegele. Hosteli ina vigelegele?" Nikasema shikamoo, baba mdogo, chaji inaisha.

Nimeingia kwa bibi na uji. Amekaa kwenye mkeka, kanga nyeupe, hana hata wanja. Nikafungua mdomo. Akasema: "Uji hauna sukari." Nikakimbilia sukari.

Basi. Hayo ndiyo yote niliyochunguza.

Jumatano, 13 Agosti 2025

Nimejaribu tena. Nimeshindwa tena.

Kila nikitaka kuuliza, nawaza: nisipouliza, bado hajakataa.

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Amekuja mnunuzi kutoka Arusha, anakusanya magari ya zamani. Mwalimu Hilda alikuja naye, na baba akavua turubai. Sikuwahi kuliona Benzi likiwa na vumbi kiasi kile. Mnunuzi alilizunguka akiguna kama daktari. Kisha akafungua mlango akaingia — na viatu vyake! Baba alinyoosha mkono kama anataka kumzuia, akaurudisha mfukoni.

Nilipoingia ndani, pazia la bibi lilikuwa linacheza.

"Yule mtu amevua viatu?"

"Hapana, bibi."

Akalifunga pazia. Halafu akasema: "Mimi nilivua hata siku nilipokuwa na uchungu wa baba yako. Mvua inanyesha. Napelekwa hospitali, na kandambili zangu mapajani."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja mwaka fulani. Nikajua sasa ndiyo nafasi, sasa!  Nikauliza kama nimletee maji.

Analipenda lile gari au analichukia? Ningejua hilo tu, ningelala.

Alhamisi, 25 Septemba 2025

Mambo yanaharibika.

Malisho yameisha kwao Scolastica. Mzee Gidahosh anahamisha ng'ombe, hatarudi mpaka mvua. Kwa hiyo hataki kusubiri Januari shule zikifunguliwa, anataka kujua sasa. Jumapili ya wiki ijayo atafika hapa Katesh aangalie hosteli kwa macho yake. Scolastica ameniambia wakati wa mapumziko, anachora pembe za ng'ombe pembeni ya ramani ya Jiografia. Akasema: "Baba hasomi, lakini paa analijua. Lipo au halipo." Akacheka. Mimi sikuweza.

Mnunuzi naye anakuja Jumapili hiyohiyo na gari la kubebea. Baba anasema ni vizuri, eda ya bibi itakuwa imekwisha. "Atakapotoka tutamwambia."

Tutamwambia. Hakusema tutamuuliza. Nimelisikia neno hilo mchana kutwa, hata kwenye hesabu.

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ndoo, nje ya geto la Scolastica.  Nianze mwanzo.

Bibi alimaliza eda katikati ya wiki, lakini alisema atatoka leo, watoto wake wote wakiwepo. Asubuhi ameoga. Mama amemfukiza udi. Amevaa kanga nyekundu! Nilikuwa nimesahau kwamba bibi ana rangi. Baba na baba mdogo wakampa mkono, wakampa pole, wakamsindikiza kwenye kiti cha uani. Kila mmoja anamtazama mwenzake. Baba akakohoa. Baba mdogo akasema: "Anza wewe, kaka, si wewe uliyesimama kwenye hitma?"

Honi. Mnunuzi amefika na lori lake, na Mwalimu Hilda kwenye kiti cha mbele, anatabasamu, amebeba keki ya kumpongeza bibi. Maskini Mwalimu Hilda. Hajui chochote.

Bibi akainuka. Akapita katikati yao wote mpaka kwenye Benzi. Akafungua mlango wa mbele — wa mbele, alipokuwa akikaa babu! Akaingia na kandambili miguuni, zina vumbi la uani. Akafunga mlango.

 Mnunuzi akauliza kama kuna tatizo. Baba akagonga kioo: "Mama. Mama, shuka basi, watu wanasubiri." Bibi anatazama mbele kama yupo safarini. Baba mdogo akasema, kwa sauti ndogo, labda anataka kupelekwa harusini. Mama akamkanyaga mguu.

Wakanitazama mimi.

Sijui miguu ilinifikishaje. Nilifungua mlango wa upande wa pili na nikaanza kuvua ndala kwa mazoea. Bibi akasema: "Acha." Nikaingia nazo.

Nikamuuliza. Nilisema yote, mbiombio. Kwamba gari lilitolewa sadaka bila yeye kuulizwa. Kwamba shehe amesema akikataa halitoki. Kwamba mimi nilitumwa Julai na nikaogopa, kwa sababu ya Scolastica, na geto, na kamba ya mlango. Kwamba sasa namuuliza: bibi, unaridhia?

Alishika usukani. Hajui kuendesha, aliushika tu.

"Miezi minne nawasikia ukutani," akasema. "Nilikuwa nangoja ni nani atakayebisha hodi."

Halafu akauliza: "Huyo mwenzako anaitwa nani?"

"Scolastica, bibi."

"Hilo ni la shule. La kwao?"

Sikulijua. Miaka mitatu, dawati moja, tunagawana rula, na sikuwahi kumuuliza.

Bibi akanitazama kwa mara ya kwanza. Akasema: "Nenda kamlete. Nitajibu akiwepo. Na hawa waambie nisisumbuliwe." Akashusha kioo kidogo, akapandisha.

Nimekimbia mpaka huku. Scolastica amefunga godoro kwa kamba ileile ya mlango. Begi liko juu yake. Mzee Gidahosh amekaa kwenye kizingiti, fimbo katikati ya magoti, shuka begani. Ameshaiona hosteli. Nilitoa shikamoo huku nahema. Nikaeleza, bibi yangu anamwita Scolastica, ni habari ya paa. Nikasema haraka mno, nikarudia.

Akauliza: "Bibi yako yuko wapi?"

"Ndani ya gari, shikamoo — yaani, ndani ya gari."

"Anakwenda wapi?"

"Haendi popote, mzee. Amekaa tu."

Scolastica aliuma mtandio asicheke, macho yake mekundu.

Mzee akafikiri. Akasema binti yake haendi kwenye gari la watu bila yeye. Atakuja mwenyewe amwone huyo mama aliyekaa kwenye gari lisilokwenda. Lakini kwanza amalize chai, mama mwenye nyumba amemkaribisha na kikombe hakiachwi.

Nimemuuliza Scolastica jina lake la kwao. Amelisema polepole, mara mbili, na mimi ninalirudia rohoni nisilipoteze njiani.

Baba amepiga simu. Sijapokea. Jua limekuwa kali, na bibi amefunga vioo.

Mzee Gidahosh anapuliza chai. Bado nusu kikombe.